Mwalimu na Kanisa Lililogeuka Ngome

Mwalimu hakuwa mtu wa kuingia ndani ya jengo bila kwanza kusimama nje akaliangalia. Haidhuru lilikuwa jengo gani: duka la vyakula, benki, zahanati, hata msikiti wao kule Vaughan aliouzoea. Alisimama, akainua kidevu, akalitazama kuanzia paa hadi msingi, ndipo akaingia. Wakati wa baridi, upepo ukitukata masikio, mimi nikiwa na mifuko mikononi na vidole vimekufa ganzi, yeye alikuwa bado anatazama.

"Mwalimu, tutaganda hapa."

"Unaona pale juu ya mlango rangi ilivyobadilika? Palikuwa na bango jingine. Ngoja kidogo."

Mara nyingi alikuwa sahihi. Duka tulilonunulia mchele lilikuwa zamani karakana ya matairi; mwenye duka mwenyewe alituonyesha sakafuni mahali palipofukiwa shimo la kuingilia chini ya magari. Kanisa letu, ambapo tulisali na Wakongo kila Jumapili, lilikuwa ghala la mazulia. Mimi nilisali pale muda mrefu bila kujua. Mwalimu, ambaye hakuwa hata Mkristo, alifika siku moja tu kwenye harusi, akanusa hewa ya ukumbini, akaniinamia sikioni na kuuliza ni nani aliyekuwa akihifadhi sufu humu ndani.

Tulikuwa majirani. Jengo letu lilikuwa Downsview, pembezoni mwa Toronto, ghorofa nyingi za matofali yaliyochakaa, maghala upande mmoja na barabara ya malori upande mwingine. Mimi na binti yangu Neema tulihamia pale mwaka 2004, nilipopata kazi katika kiwanda cha mikate nilichoweza kukifikia kwa miguu. Mwalimu alikuwa ameshazoea kila ufa wa jengo lile. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata msimamizi wa jengo, Mreno mmoja ambaye hakujua neno jingine lolote la Kiswahili na aliamini kwamba hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa mwanamke wa Kihindi kutoka Tanga, wa madhehebu ya Shia, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alifundisha historia katika sekondari ya serikali mpaka alipostaafu na kuja Kanada. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Tanga, kisicho na haraka, kila neno likipewa nafasi yake ya kukaa. Mimi niliyetoka Morogoro nilijisikia kama ninayekimbia kila nilipozungumza naye.

Siku ya kwanza kukutana tulikutana chini, kwenye chumba cha kufulia. Nilikuwa nimeshaweka nguo zangu kwenye mashine alipoingia na kapu lake. Nilipoona umri wake nikamwamkia tu, bila kujua kama ataelewa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Morogoro, mama."

"Vizuri. Sasa mwanangu, hiyo mashine Jumanne asubuhi ni zamu yangu. Toa nguo zako."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akitania. Nikazitoa nguo zikiwa zimelowa chapachapa na kuzihamishia kwenye mashine mbovu ya pembeni, na yeye akaweka zake bila hata kunipa pole. Kisha akakaa kwenye benchi, akafungua chupa ya chai ya tangawizi, akanimiminia mimi kwanza. Akaniuliza kama binti yangu anajua Kiswahili. Nikamwambia anaelewa, ila hujibu kwa Kiingereza.

"Jumamosi mlete," akasema. Hakuniomba, alikuwa ameshaamua.

Darasa lake lilikuwa katika chumba cha mikutano cha wapangaji, chenye viti vya plastiki na ubao mmoja uliopasuka kona. Walikuja watoto wa Kitanzania, wa Kikenya na wa Kikongo, na siku nyingine wajukuu wa watu wa msikitini kwake walioletwa kwa gari kutoka Richmond Hill. Nilitarajia atawafundisha kusalimia na kuhesabu. Nilikuwa nimepanga kumwacha Neema nikapumzike. Nilikaa mpaka mwisho, na Jumamosi zilizofuata nilikuja kwa hiari yangu, nikakaa nyuma.

Alichora ubaoni umbo la kanisa bila paa. "Hili liko Texas," akasema, "katika mji wa San Antonio. Leo watu wanaliita Alamo. Nataka tulijue jengo hili moja, vizuri, kama unavyomjua mtu wa nyumbani. Ukilijua moja vizuri, mengine yote yatakusemesha."

Halafu akaanza. Mwanzoni, aliwaambia, hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mto, na watu wa koo nyingi ndogo ndogo waliowinda na kuchuma matunda kando yake. Katika karne ya kumi na nane wakaja mapadri wa Kihispania, wakaanzisha misheni. Wakawaita wale watu waingie ndani wabatizwe, walime, wasuke, wachonge mawe. Wengine waliingia kwa njaa, wengine kwa kuwakimbia maadui zao, wengine walitoroka wakafuatwa na kurudishwa. Maradhi yakawafyeka. Na ni haohao, ambao hawakuwahi kulala ndani ya nyumba ya mawe, waliolijenga kanisa la mawe. La kwanza likaanguka. Wakaanza la pili, wakachonga nguzo za mlangoni zilizosokotwa kama kamba, na maua juu yake. Paa halikumalizika kamwe.

Kabla karne haijaisha misheni ikafungwa. Wakaja askari wa Kihispania wapanda farasi, wakafanya kambi humo na kuliachia jengo jina la mji walikotoka. Kanisa likawa ngome. Meksiko ilipojitawala ikawa ngome ya Meksiko. Kisha walowezi wa Texas wakaasi, wakaiteka, na mwaka 1836 jeshi la Meksiko likaizingira. Alfajiri moja likaparamia kuta na kuwaua karibu wanaume wote waliokuwa wakiilinda. Baadaye jeshi la Marekani likaifanya ghala la nafaka na majani ya farasi. Upande mmoja ukawa duka. Mwisho ikawa makumbusho, watu wanapanga foleni.

Aliyasimulia haya polepole, akifuta na kuchora, akiongeza ukuta hapa, akibomoa pale, mpaka ubao ukawa mweupe wa chaki. Watoto waliozoea kuchezea simu chini ya meza walikuwa wameacha midomo wazi. Na mimi pia. Sikuwahi kufikiri kwamba jiwe linaweza kuwa na maisha yenye misukosuko kuliko ya mtu.

"Sasa niambieni," akasema. "Jengo hili ni la nani?"

Mmoja akasema ni la mapadri. Mwingine akasema la waliokufa wakilipigania. Neema akanyoosha mkono na kusema, kwa Kiingereza, kwamba ni la waliolijenga.

"Wako wapi?"

Mwalimu hakuwasaidia. Aliwaacha na swali hilo, akaanza kuvaa koti lake.

Alilifahamu Alamo kwa sababu ya kaka yake mkubwa, ambaye aliondoka Tanga miaka ya sabini na baada ya kuzunguka nchi kadhaa akaishia San Antonio, akanunua moteli kando ya barabara kuu. Kila mwaka baridi ya Toronto ilipozidi Mwalimu alikwenda kukaa huko wiki kadhaa. Mara ya kwanza, aliniambia, alipelekwa kutazama ile ngome kama mgeni yeyote anavyopelekwa, naye akaenda kwa adabu tu. Akaingizwa katika chumba kidogo cha pembeni, sakristia, mahali mapadri walipokuwa wakivalia. Muda si mrefu kabla ya hapo mafundi walikuwa wamekwangua chokaa ya ukutani na kukuta chini yake michoro ya maua na makomamanga, yenye rangi.

"Maua, mwanangu," aliniambia, na sauti yake ile kubwa ikawa ndogo. "Katika ngome. Siku ya mapigano wanawake na watoto walijificha katika chumba kile kile. Walikaa wameegemea ukuta ule. Labda chokaa ilikuwa imeshapakwa, labda hawakuyaona. Nikasimama pale nikashindwa kutoka. Kaka akanitafuta nje akidhani nimepotea."

Nimesikia watu wakizungumzia dini zao, watoto wao, nchi walizoziacha. Sijasikia mtu akizungumzia ukuta vile.

Alikuwa na mtu mwingine aliyempenda katika historia ile, mtumwa wa kamanda wa ngome, kijana mweusi. Alitoka hai siku ile, akapelekwa mbele ya wakubwa wa Texas kueleza aliyoyaona. Mwalimu alikuwa akiwaambia watoto kwamba sehemu kubwa ya yale dunia inayoyajua kuhusu asubuhi ile ilitoka kinywani mwa mtu ambaye kwa sheria ya wenzake alikuwa mali. "Walimsikiliza, wakaandika, wakamshukuru, wakamrudisha utumwani. Mwaka uliofuata akatoroka." Hapo uso ulimng'aa, kama vile habari za kutoroka kwake zimefika jana.

Si kila mtu alifurahi. Mzazi mmoja kutoka Richmond Hill, mfanyabiashara mwenye heshima zake, alimsubiri mlangoni baada ya darasa.

"Mwalimu, sisi tunawaleta watoto wajue kwao. Kwa nini unawafundisha kanisa la Wahispania?"

"Wewe nyumba yako Richmond Hill, kabla hujajenga palikuwa na nini?"

"Shamba, nadhani."

"Na kabla ya shamba?"

Yule bwana akacheka, akakuna kichwa, akasema hajui.

"Basi mwanao anajifunza kuuliza hilo. Akienda Dar, akienda Mombasa, atauliza hukohuko pia."

Watoto wa bwana yule waliendelea kuja.

Sasa nisimfanye malaika. Mtu huyu, aliyekuwa akiwafundisha watoto kwamba majengo hupita mikononi mwa watu na kwamba hakuna wa kusema hiki ni changu milele, alikuwa tayari kupigana kwa ajili ya mashine ya kufulia ya Jumanne. Msimamizi alipoleta utaratibu mpya wa zamu, Mwalimu alishuka na kiti chake, akakaa mbele ya ile mashine asubuhi nzima akisoma gazeti. Utaratibu ukafutwa. Nilipomtania kwamba na yeye amezingirwa ngomeni hakucheka. Alisema zamu ni kitu kingine.

Alikwenda Texas mwaka baada ya mwaka lakini hakurudi Tanga hata mara moja. Nilimwuliza sababu, akasema tiketi ni ghali, na wakati huo alikuwa ndani ya ndege ya Texas kila baridi. Na alimsema kaka yake usiku na mchana: mbishi, mpenda sifa, amekuwa Mtexas kuliko Watexas. Lakini nilipojaribu kukubaliana naye aliniangalia kwa macho makali. "Mimi nikimsema ni kaka yangu. Wewe ni nani kwake?"

Halafu mwaka mmoja baridi ilifika na hakwenda. Wala uliofuata. Nikaelewa kwamba wamegombana, ila alinieleza kipande tu. Alisema walikuwa wamesimama pamoja mbele ya Alamo. Ukilitazama kwa mbele, lile kanisa lina nundu juu, mviringo ambao kila mtu anaujua, unachapwa kwenye fulana na vikombe. Kaka yake alikuwa ameuchora kwenye bango la moteli. Mwalimu akamwambia kwamba nundu ile iliwekwa na wanajeshi wa ghala la nafaka, miaka mingi baada ya vita, na kwamba mashujaa wake walikufa bila kuiona.

"Akakasirika kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu," akasema, akabadilisha mazungumzo.

Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kumtupa. Ilikuwa presha ya macho. Ilimla taratibu kutoka pembeni, akawa kama anayetazama dunia kupitia bomba, kisha bomba likazidi kuwa jembamba. Aliendelea kufundisha. Alichora lile kanisa ubaoni kwa mazoea ya mkono, mistari mingine ikipita nje ya ubao hadi ukutani, na hakuna mtoto aliyecheka. Neema, ambaye alikuwa sasa msichana mkubwa, alikuwa akiifuta mistari ya ukutani baada ya darasa bila kuambiwa. Nilimsikia siku moja akimwambia, "Mwalimu, nimemaliza," kwa Kiswahili safi. Nilisimama kwenye korido nikajifanya natafuta funguo.

Kwa kuwa hakuweza tena kupanda basi peke yake, Alhamisi jioni nilimpeleka kwa gari hadi kituo cha jamii yao kule barabara ya Bathurst kwa sala, nikamsubiri. Siku moja mzee mrefu aliyevaa koti jipya lisilomkaa vizuri alikuja akagonga kioo cha gari langu.

"Wewe ndiye jirani wa Mwalimu?"

Nilijua mara moja ni nani. Alikuwa na kidevu kilekile cha Mwalimu. Nikamwamkia, nikamfungulia mlango akae ndani maana alikuwa anatetemeka. Mke wake alikuwa amefariki, moteli ilikuwa imeuzwa, na binti yake alimleta Richmond Hill akae naye. Kila Alhamisi alikuwa akiingia upande wa wanaume, dada yake upande wa wanawake, ukuta mmoja kati yao, na hawajasemeshana.

"Alikuambia tuligombana kwa ajili ya nini?"

"Nundu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nundu ilikuwa mwanzo."

Akaniambia yaliyobaki. Nyumbani kwao, alisema, walizungumza Kikachi, lugha ya wazee wao waliotoka India, lakini tangu utotoni ugomvi wao waliufanya kwa Kiswahili, lugha waliyochezea barabarani. Basi walisimama mbele ya mashujaa wa Texas wakagombana kwa Kiswahili mpaka mlinzi akaja kuwaomba wapunguze sauti.

"Nilimwambia hivi. Baba yetu alijenga nyumba ya ghorofa Tanga. Serikali ilipotaifisha majumba, alikabidhi funguo bila kusema neno, akarudi akakaa kwenye kiti, na hakuizungumzia mpaka alipokufa. Mimi nikiingia Alamo naona watu walioambiwa tokeni wakakataa. Basi. Sihitaji historia nyingine. Yeye akaniuliza, na hao wa Alamo, hiyo nyumba yao waliipata wapi? Ndipo nikamwambia..." Akatazama nje. "Nikamwambia, wewe ulibaki ukawafundisha watoto wa waliomnyang'anya baba."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Mtu kama dada yangu yule, asijibu. Ndipo nikajua nimempiga mahali pabaya."

Nilimwuliza kwa nini asimwambie mwenyewe maneno haya. Akasema hajui aanzie wapi, na kwamba umri wao ukishafika pale mtu huogopa hata kugonga mlango. Kisha, kwa kutafuta la kusema, nikamweleza jambo ambalo lilikuwa likinishangaza siku zote: Mwalimu, pamoja na mapenzi yake yote ya ngome, hakuwahi kwenda kuiona ile ya hapa hapa Toronto, ngome ya zamani ya Waingereza iliyobaki mjini karibu na ziwa. Siku zote alisema ya karibu haikimbii. Sasa macho yamekwisha.

Mzee akafikiri. "Unaweza kutupeleka?"

Sikutaka kumtega Mwalimu, kwa hiyo nilimwambia wazi. Nilimwambia nimeonana na kaka yake, na kwamba anaomba tutoke siku moja sote watatu. Alikuwa akichambua mchele kwa vidole, akihisi mawe yaliyofichika. Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha.

"Atavaa koti gani?" akauliza. "Baridi ya hapa haijui."

Ilikuwa Oktoba, mwaka 2015, siku ya jua kali lisilo na joto. Tulimchukua mzee Richmond Hill. Alipoingia kwenye gari Mwalimu aligeuza uso kuelekea sauti ya mlango.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Na hilo lilikuwa ndilo neno la mwisho mpaka tulipofika mjini. Mimi niliendesha nikisikia pumzi zao wote wawili.

Ngome ile ipo chini kidogo ya barabara ya juu, imezungukwa na majumba marefu ya vioo. Tulipoingia getini Mwalimu alisimama, akashika mkono wangu, lakini kaka yake akauondoa mkono ule polepole kwenye wangu na kuupitisha kwenye wake. Mwalimu hakuutoa.

"Kuna nini?" akauliza baada ya muda.

Mzee akaanza kumweleza. Mwanzoni kwa maneno machache, kama mtu anayesoma bango. Kuna boma la udongo lenye majani, limezunguka. Kuna mizinga. Kuna nyumba za matofali, fupi, madirisha meupe. Kuna nyumba mbili za magogo, juu zimetokeza kuliko chini. Mwalimu aliuliza, "Zimetokeza kiasi gani?" naye akasogea kutazama, akarudi, akaeleza. Akauliza matofali yamepangwaje, rangi gani, yana viraka wapi. Mzee akainama, akakwangua kwa kucha, akaeleza. Walizunguka hivyo nusu ya uwanja, yeye akiuliza, kaka yake akitazama. Niliwafuata kwa nyuma. Nilikuwa nimemwona mtu huyu akitazama majengo kwa zaidi ya miaka kumi na nilidhani najua maana ya kutazama. Sasa nilimwona akiyatazama kwa macho ya mtu mwingine, na hakupungukiwa chochote. Alipofikishwa ukutani akaweka viganja vyote viwili, akakaa hivyo muda mrefu, kichwa kimeinama.

Karibu na mizinga walikuwa watoto wa shule wamekaa kwenye majani wakila, wakimsubiri mtu wa makumbusho awatembeze. Mwalimu alizisikia sauti zao.

"Wangapi?"

"Darasa zima," mzee akasema.

"Wanafanya nini?"

"Wanatusubiri," akamjibu kaka yake. Ulikuwa uongo, na nadhani Mwalimu alijua.

Nilizungumza na mwalimu wao, mwanamke kijana aliyechoka, akasema bila shaka, wana muda. Basi Mwalimu akasimama mbele yao, akaanza kwa Kiingereza chake kilichonyooka. Akawaambia kuna kanisa mbali sana kusini, lililogeuka ngome, likageuka ghala, likageuka makumbusho. Watoto wakaacha kutafuna. Nilikijua kila kituo cha simulizi ile. Lakini alipofika kwenye wale waliozingirwa, ambao kila mara alikuwa akiwapita kwa sentensi moja, safari hii alisimama. Alisema walijua hakuna msaada utakaokuja. Alisema wengine walikuwa na makosa makubwa, waliwamiliki watu, na kwamba nchi waliyoipigania haikuwa yao tangu mwanzo. Kisha akasema kuna mtu anayeambiwa toka nyumbani kwako akatoka kimya, na kuna anayekataa, na kwamba yeye amefundisha maisha yake yote na bado hawezi kusema ni yupi kati yao aliyeumia zaidi.

Nikamtafuta mzee. Alikuwa amekaa kwenye majani nyuma ya watoto wote, magoti yamekunjwa kwa shida, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umenyooka, kama wa mwanafunzi. Mwalimu hakuweza kuuona. Aliendelea kuzungumza, na mkono ukaendelea kukaa juu, wala hakutaka kuushusha wala kumkatiza.

Nikamsogelea Mwalimu. "Mwalimu, kuna mkono umenyooshwa nyuma."

"Wa nani?"

"Wa kaka yako."

Watoto wakageuka kutazama nyuma, kisha mbele.

"Aulize."

Mzee akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, bila ubishi wowote ndani yake. "Na hii je, Mwalimu? Hii ya hapa ilijengwa na nani?"

Upepo ulikuwa unapeperusha mtandio wa Mwalimu, naye akaushika kwa mkono mmoja. Nilikuwa sijawahi kumwona akikosa jibu juu ya ukuta wowote.

"Sijui, kaka," akasema. "Hii sikuisoma." Akanyoosha mkono mbele, hewani, akimtafuta. "Njoo unishike. Twende tukaulize."